Siti Gani Tena?

Muuguzi alipotamka kwamba shangazi yangu anatakiwa kufanyiwa siti skani, shangazi aligeuza uso akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. "Siti gani tena?" akauliza. "Binti Saadi?" Wagonjwa wawili tuliokaa nao benchi moja walicheka, nami nikacheka. Nilifurahi kuona kwamba maumivu ya kichwa ya majuma yote yale hayakuwa yamemwondolea utani wake. Kisha nikafanya kosa ambalo leo nataka kulisimulia mbele ya watu wanaopenda maneno, kwa kuwa lilikuwa kosa la maneno.

Shangazi husuka mikeka. Tangu nilipopata akili sijapata kuona vidole vyake vikikaa bure: akizungumza anasuka ukili, akisikiliza redio anasuka ukili, akimkaripia mtu anasuka ukili. Miezi miwili kabla ya siku ile aliteleza uani akajigonga kichwa. Hakuzirai wala hakutoka damu. Alijipaka mafuta akaendelea na shughuli zake. Baadaye kikaja kichwa kuuma bila kukoma, kisha kusahau majina ya wajukuu, kisha mkono wa kulia ukaanza kuangusha kindu. Ndipo tukampeleka mjini, katika hospitali moja kubwa ya kufundishia, ambako daktari alimsikiliza, akamwambia aminye vidole vyake kwa mkono huu na kwa ule, akaandika karatasi.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri. Nimezoea kuulizwa neno fulani kwa Kiswahili ni nini, na nimezoea kujibu kabla ya kufikiri. Basi nikamweleza shangazi kwa fahari ya mtu ajuaye asili ya neno. Nilimwambia kwamba hiyo ni mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, na kwamba haipigi picha moja kama eksirei ya kawaida, bali hukikata kichwa vipande vipande vyembamba, kuanzia chini hadi utosini, kila kipande kikaonekana peke yake. Kwa kamusi, nilikuwa nimefasiri sawasawa. Neno la kitaalamu, tomografia, limetoka katika Kigiriki, na sehemu yake ya kwanza ina maana ya kitu kilichokatwa, yaani kipande. Ili kumtuliza, nikaongeza kwamba hakuna kisu.

Nadhani ni hicho kisu kilichoharibu mambo. Mpaka hapo hakuwa amekifikiria. Shangazi alinyamaza, akaifunga kanga yake vizuri, akasimama. "Mwanangu," akasema, "mimi sina kichwa cha kukatwa vipande. Nirudishe nyumbani." Nilimbembeleza, nikamfuata muuguzi, nikarudi kumbembeleza tena. Tukaondoka. Alikaa nyumbani wiki tatu.

Kilichomrudisha hospitali si maneno yangu. Asubuhi moja alishindwa kushika kikombe. Safari hiyo tulimkuta muuguzi mwingine, binti wa umri wa wajukuu zake, ambaye aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." "Bibi, leo tunakupima kichwa. Utalala chali, mashine itakuzunguka, itakupima, kisha utaamka." "Kunipima tu?" "Kukupima tu, bibi." Shangazi akavua hereni zake, akanipa nimshikie, akaenda.

Nilibaki ukumbini na hereni mkononi na aibu kooni. Lakini hata katika aibu ile nilikuwa na kiburi cha kazi yangu. Nilijiambia kwamba binti yule ametumia neno la kubembelezea. Hospitalini kila kitu ni kupima: hupimwa presha, hupimwa sukari, hupimwa malaria, hupimwa mimba. Niliona kwamba neno lake ni pana mno, kwamba limemficha mgonjwa jambo lenyewe, na kwamba langu, pamoja na madhara yake, ndilo lililokuwa la kweli. Shangazi alipokwisha kutibiwa nilianza kusoma habari za mashine ile, ili nijue ni nani kati yetu wawili aliyesema kweli.

Kwanza niligundua kwamba utani wa shangazi ulikuwa karibu na historia kuliko alivyodhani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kuimba mbele ya vyombo vya Kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia ya Uingereza, ikazaliwa kampuni iliyoitwa EMI. Kampuni hiyo, ambayo dunia iliijua zaidi kwa santuri, ilikuwa pia na maabara za elektroniki, na ndani ya mojawapo ya maabara hizo alikuwamo mhandisi mmoja, Godfrey Hounsfield. Mashine ya kwanza ya siti skani ni kazi yake. Kwa hiyo kampuni iliyomrithi mtunza sauti wa Siti wetu ndiyo hiyo hiyo iliyoleta siti ya pili.

Hounsfield alizaliwa mwaka 1919 akakulia shambani, katika jimbo la Nottinghamshire. Hakupata kuwa na shahada ya chuo kikuu. Katika Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi ya rada katika jeshi la anga, na baadaye huko EMI akaongoza uundaji wa kompyuta. Mwaka 1967 alikuwa akijiuliza swali ambalo mtoto yeyote wa pwani aliyekulia katika vitendawili angelitambua. Tuna ile nyumba isiyo na mlango, ambayo jibu lake ni yai. Swali la Hounsfield lilihusu sanduku lililofungwa: je, mtu anaweza kujua kilichomo ndani bila kulifungua, ikiwa atapitisha mionzi kutoka kila upande na kuandika kiasi kinachotokeza ng'ambo?

Ili tuone uzito wa swali hilo, yafaa tukumbuke hali ya madaktari wa ubongo wakati huo. Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, na tangu hapo mfupa uliovunjika haukuwa siri tena. Lakini eksirei ya kawaida ni kivuli. Kila kilicho njiani hulaliana na mwenziwe juu ya bamba moja, na fuvu, kwa kuwa ni mfupa, hufunika yote. Ubongo wenyewe, ulio laini na usiotofautiana sana sehemu na sehemu, hauonekani kabisa. Madaktari wakatafuta hila. Mwaka 1919 daktari wa Marekani, Walter Dandy, alieleza njia ya kuingiza hewa kupitia uti wa mgongo, ili ipande hadi katika mashimo ya ubongo na kuyachora kwa wepesi wake. Mgonjwa alifungwa kwenye kiti, akainamishwa na kugeuzwa ili hewa ihame, naye akabaki na maumivu makali ya kichwa na kutapika kwa siku kadhaa. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alianza kuchoma dawa katika mishipa ya damu ya kichwani ili mishipa hiyo ionekane. Kwa njia zote mbili daktari hakuuona uvimbe. Aliona mashimo yaliyosukumwa kando au mishipa iliyopinda, akakisia kwamba kuna kitu kimeyasukuma.

Chombo cha kwanza cha Hounsfield kilikuwa cha kujaribia tu. Kilitumia chanzo hafifu cha mionzi ya gama, na kupima kitu kimoja kulichukua siku 9. Kompyuta nayo ilihitaji saa mbili na nusu kuzifanyia hesabu namba zile. Alipoweka mrija wa eksirei, siku 9 zikawa saa 9. Alianza na ubongo wa binadamu uliohifadhiwa katika dawa, na picha zikatoka vizuri mno hata ukazuka wasiwasi kwamba labda ni ile dawa iliyokuza tofauti. Ikabidi apime ubongo wa ng'ombe ambaye ndiyo kwanza amechinjwa. Tofauti zilipungua, lakini hazikutoweka.

Mashine ya kwanza ya kupimia watu iliwekwa Atkinson Morley, hospitali ya magonjwa ya ubongo iliyokuwa Wimbledon, London, chini ya St George's, ambayo ni hospitali ya kufundishia. Daktari wa mionzi aliyeipokea ni James Ambrose, mzaliwa wa Afrika Kusini. Tarehe 1 Oktoba 1971 akalazwa humo mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo.

Nimejaribu mara nyingi kulifikiria tukio lile kwa macho ya mwanamke yule. Kichwa chake kilitiwa ndani ya kofia ya mpira iliyozungukwa na sanduku la maji. Upande mmoja palikuwa na mrija wa eksirei, upande wa pili palikuwa na kipokezi cha kupima mionzi iliyopenya. Vyote viwili vilisogea pamoja kutoka sikio hadi sikio, vikisoma mara 160. Kisha fremu nzima iligeuka digrii moja, vikasoma tena mara 160. Kisha digrii nyingine, na nyingine, hadi digrii 180. Ukizidisha utapata vipimo 28,800 kwa tabaka moja la kichwa. Kazi hiyo ilichukua dakika nne hadi tano, na muda wote huo mgonjwa hakutakiwa kutikisika. Hospitalini hapakuwa na kompyuta ya kutosha kwa hesabu hizo. Namba zilinaswa kwenye utepe wa sumaku, utepe ukapelekwa EMI, na madaktari wakakaa kusubiri.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba nilimdhulumu yule binti muuguzi. Tazama kipimo kimoja kati ya hivyo 28,800. Kinasema tu kwamba mionzi iliingia kiasi hiki ikatoka kiasi hiki, hivyo njiani kimepotea kiasi fulani. Hakisemi kimepotea wapi, kwenye mfupa au kwenye ubongo au kwenye uvimbe. Ni kama kuambiwa jumla ya bei ya kapu la sokoni bila kuambiwa bei ya nyanya, ya kitunguu na ya nazi. Kapu moja halikuambii kitu. Lakini ukipewa makapu mengi, kila moja na mchanganyiko wake na jumla yake, ukiwa mvumilivu utaipata bei ya kila kitu bila kumuuliza muuzaji. Kompyuta ililigawa tabaka la kichwa katika viraba 80 kwa 80, yaani 6,400, na kwa jumla zile 28,800 ikatafuta bei ya kila kiraba.

Jibu lilikuwa namba. Picha ilitengenezwa baadaye, kwa kukipa kila kiraba weusi au weupe kulingana na namba yake. Siku zile mashine iliweza pia kuchapa namba zenyewe kwenye karatasi, safu chini ya safu, na daktari akazisoma kama mtu asomaye daftari la duka. Vipimo hivyo hadi leo huitwa kwa jina la Hounsfield, na mwanzo wake ni maji. Maji yamepewa sifuri. Hewa iko chini kabisa, kwenye 1000 hasi. Mfupa uko juu, mia nyingi juu ya maji. Ubongo uko juu kidogo tu ya maji, na kwenye hiyo kidogo ndiko kuliko na habari zote. Damu iliyomwagika karibuni husoma juu ya ubongo. Ikikaa majuma, namba yake hushuka.

Utepe wa yule mwanamke wa Wimbledon uliporudi, uvimbe ulionekana, wa mviringo, wenye majimaji ndani yake, mahali pake hasa. Daktari aliyempasua aliukuta kama ulivyoonyeshwa. Mwezi Aprili 1972 Hounsfield na Ambrose waliwaeleza wenzao habari hizo katika mkutano wa Taasisi ya Radiolojia ya Uingereza, na baada ya hapo kiti kile cha kugeuza watu wenye hewa kichwani kikaanza kuelekea ghalani.

Lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kumpitia mtu mwingine, na hilo lilitokea katika bara letu, katika hospitali nyingine ya kufundishia. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town ilipungukiwa na mtaalamu wa fizikia, na sheria ilitaka awepo mtu wa kusimamia matumizi ya vitu vyenye mnururisho. Aliyepatikana ni mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Aliombwa afike siku moja na nusu kila wiki. Hakuwa daktari. Alikaa akitazama jinsi wagonjwa wa saratani walivyopangiwa mionzi ya tiba, akaona kwamba hesabu zilifanywa kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja mfululizo, kama kipande cha ubao, ilhali una mifupa, mapafu na mafuta. Akajiuliza: nitajuaje kila sehemu ya ndani inanyonya mionzi kiasi gani, ikiwa ninaloweza kupima ni jumla tu inayotoka nje?

Cormack alitengeneza hesabu yake, na mwaka 1957 akaijaribu kwa silinda ya alumini iliyozungukwa na mbao. Namba zikatoka kama zilivyotarajiwa, isipokuwa jambo moja: katikati ya alumini palisoma chini kidogo. Alipochunguza alikuta kwamba katikati ya silinda ile mlikuwa mmetiwa kijiti cha alumini ya namna nyingine. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Vipimo vilijua kilichomo ndani kabla ya mwenye kupima kujua.

Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, akiwa amekwisha hamia Marekani. Karibu hakuna aliyejali. Barua iliyomfurahisha zaidi ilitoka Uswisi, kwa watafiti wa maporomoko ya theluji, waliotaka kujua kama njia ile ingewasaidia kupima theluji iliyolala milimani. Baadaye sana alikuja kujua kwamba msingi wa hesabu hizo ulikuwa umekwisha wekwa mwaka 1917 na mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, ambaye hakuwa akifikiria wagonjwa hata kidogo. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield, walioyafikia yale yale kwa njia mbili, walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Nirudi sasa kwenye maneno, maana ndiko nilikokosea. Neno "picha" tumelipokea kutoka Kiingereza, na kitenzi tulichokipa ni "kupiga", kitenzi chenye kishindo. Ndugu zake wa kale ni "sura", "taswira" na "kusawiri", yaliyotujia kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Yote hayo ni maneno ya uso wa kitu, ya kile ambacho jicho hukutana nacho kwanza. Ndiyo sababu hayatoshi hapa, kwa kuwa mashine ile haina jicho na haikutani na uso wowote.

Neno "kupima" ni la nyumbani. Limezaa kipimo, mpimaji na upimaji, na lina ndugu aliyesahauliwa mijini: pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao mabaharia wetu walihesabia kina cha bahari. Nahodha aliteremsha kamba yenye chubwi mpaka ikagota, akahesabu pima ngapi zimezama, akajua mwamba uko wapi. Hakuuona mwamba. Alipima hapa, akapima pale, akaijua sura ya chini ya maji kwa hesabu za juu ya maji. Sijaona katika Kiswahili mfano ulio karibu zaidi na kazi iliyofanyika Wimbledon mwaka 1971. Sisi tulio katika ushairi nasi twajua kwamba mizani hupatikana kwa kuhesabu, na kwamba mstari unaopendeza machoni waweza kuwa umepungukiwa.

Na hata pale nilipotaka kuzungumzia vipande, Kiswahili kilikuwa na "tabaka". Kitunguu kina tabaka na ardhi ina tabaka, wala hakuna anayeogopa. Tabaka lipo tayari kabla hujalitazama, lakini kipande lazima akitoe mtu, na anayekitoa ana kitu chenye makali mkononi. Nilitafsiri mzizi wa Kigiriki, nikamsahau mwanamke aliyekaa mbele yangu na kichwa chake.

Kwa hiyo yule binti hakubembeleza. Alisema jambo lilivyo, kwa neno ambalo mgonjwa alikuwa nalo tayari.

Daktari aliniita nitazame kwenye kompyuta. Kati ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto, palikuwa na damu iliyokusanyika kama mwezi mchanga, ikiusukuma ubongo kando. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Sehemu kubwa ilikuwa na weusi kuliko ubongo, akasema hiyo ni damu ya zamani, ya siku ile alipoanguka. Kisha akashusha kalamu upande wa kisogoni, palipokuwa na tabaka jeupe. Ndivyo alivyosema, "tabaka". "Hii ni mpya," akasema. "Haina siku nyingi." Sikumwambia kwamba siku hizo nazijua zilikopotelea. Jioni ile walitoboa tundu katika fuvu wakaitoa damu yote.

Shangazi alipona. Majina ya wajukuu yalirudi yote, na utani ukarudi na nyongeza. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi sawasawa. Husuka, lakini polepole, na ukili wake siku hizi huenda upande kidogo, jambo analoliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikumuuliza daktari kama ni wiki tatu zile. Shangazi naye hakuniuliza.

Katika kazi zangu sasa, mahali ambapo zamani niliandika "picha ya siti skani", naandika "kipimo cha siti". Wenye kujua zaidi yangu watanisahihisha. Na kwa kuwa sikupata maneno ya kumwomba shangazi radhi kwa lugha ya kawaida, nilimtungia beti mbili:

Mashine haina jicho, ya giza kuyatazama,
Hupima kitokeacho, na kilichobaki nyuma,
Huzunguka kichwa hicho, kila pembe ikipima,
Mimi niliita picha, kumbe, shangazi, kipimo.

Maji sifuri mizani, mfupa juu husoma,
Hewa hushukia chini, na damu nayo husema,
Lililofichwa kichwani, hesabuni laungama,
Mimi niliita picha, kumbe, shangazi, kipimo.

Nilimsomea barazani, mkeka ukiwa umelala magotini pake. Alisikiliza akihesabu mizani kwa vidole vya mkono wa kushoto, kama alivyonifundisha nilipokuwa mdogo. Nilipomaliza alisema zimetimia. Kisha akaniambia nimsogezee kindu, nikae upande wake wa kulia, nimshikie ncha ya ukili ili usiende upande.